Chombo Mahali Pake

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni
Somo: 2 Timotheo 2:20–21

Leo nataka tuingie jikoni pamoja. Katika ibada zetu tumezoea kusikia habari za shamba, za kisima, za kondoo na za mavuno. Jikoni hatukai sana. Lakini chakula cha nyumba nzima hutoka huko, na ugomvi mwingi wa nyumba huanzia huko pia.

Mtume Paulo hakuona haya kutaja vyombo vya nyumbani. Alipomwandikia kijana wake Timotheo alimkumbusha kwamba nyumba ya mtu mkubwa huwa na vyombo vya namna nyingi: vya thamani kubwa, na vingine vya mti na udongo vya kutumia kila siku. Kisha akamweleza ni chombo cha namna gani kinachomfaa mwenye nyumba. Ukilisoma somo hilo polepole utaona mambo mawili. Chombo hicho kimesafishwa, na tena kiko tayari. Sisi tumelishika sana lile jambo la kwanza. Hili la pili, la kuwa tayari, tumelisahau.

Tuchukue mfano wa jioni moja. Jua limetua, na stima imepotea. Mtoto mdogo analia kwa njaa. Mama ameteleka uji, anatafuta kifuniko cha sufuria. Kifuniko hicho ni safi, kilioshwa adhuhuri kwa maji na sabuni. Lakini sasa kimo chini ya karai, nyuma ya debe la unga, na juu ya karai kuna sufuria tatu na chungio. Mama anavuta, sufuria zinaanguka, mtoto anashtuka na kulia zaidi. Makaa yanazidi kupungua. Baba sebuleni anauliza kwa sauti kuna nini huko. Maneno yanaanza, na chanzo chake ni kifuniko. Kifuniko ni safi, ndugu msikilizaji, lakini hakiko tayari.

Basi neno ninalotaka mlishike leo ni hili: kupanga vyombo vya jikoni ni kumtunza mtu atakayeingia jikoni baada yako. Pengine mtu huyo ni wewe mwenyewe kesho alfajiri, ukiwa na usingizi machoni. Pengine ni mume wako siku utakapokuwa umelazwa hospitali. Pengine ni mtoto arudiye shule na njaa yake, au jirani aliyekuja kukupikia siku ya msiba. Ukimwachia chombo safi mahali anapoweza kukipata, umemhudumia hata kama humwoni.

Na sasa nataka tuseme wazi jinsi ya kufanya, maana shauri jema lisilo na njia ya kulitenda halimfai mtu.

Jambo la kwanza ni kukausha. Wengi wetu huosha vyombo vizuri sana, halafu tukaiharibu kazi yote kwa kuvipanga vikiwa vimelowa. Sufuria ikiingizwa ndani ya nyingine kabla haijakauka, maji hubaki katikati. Zikipita siku mbili utakuta harufu ndani na madoadoa juu ya aluminiamu. Kikaango cha chuma cha kupikia chapati hushika kutu upesi. Kikishaoshwa kirudishwe motoni kidogo kikauke kabisa, kisha kipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa. Mwiko uliolazwa na maji yake chini ya karai huota ukungu, na baadaye hupasuka. Usimamishe ndani ya mkebe, sehemu ya kusongea ikiwa juu, upigwe na upepo. Na chupa ya chai usiifunge kabla haijakauka ndani. Iache wazi mpaka siku utakapoitumia, la sivyo utampa mgeni chai yenye harufu ya juma lililopita.

Kwa miaka mingi maafisa wa afya, na siku hizi wahudumu wa afya wa vijijini, wametuhimiza kila nyumba iwe na kichanja cha vyombo. Hakihitaji fedha nyingi. Chimbia miti minne, funga fito juu yake ukiziachia nafasi, na kimo chake kipite kiuno ili mbwa wasifike. Vyombo hulazwa kifudifudi, maji yakadondoka, upepo ukapita, na jua likaimaliza kazi. Kichanja ni bora kuliko kile kitambaa kimoja kinachofuta sahani, kikafuta meza, kikafuta na mikono ya watoto, maana kitambaa hicho hurudisha uchafu uliokwisha kuondolewa. Jioni, kabla ya umande na giza, vyombo viingizwe ndani. Na wewe unayekaa chumba kimoja mjini, ambako hakuna mahali pa kuchimbia mti, kikapu cha waya karibu na dirisha kitafanya kazi hiyohiyo.

Msidhani haya ni mambo madogo mno kwa Mungu. Fungueni kitabu cha Walawi, sura ya 6, mstari wa 28. Mtaona kwamba chombo cha udongo na chombo cha shaba, vikiisha kupikiwa nyama ya sadaka, havikutendewa sawasawa. Kile cha udongo kilivunjwa, na kile cha shaba kikasuguliwa na kusuuzwa kwa maji. Mama yeyote anayepikia chungu anajua kwamba udongo hunywa kile kinachopikwa ndani yake, na shaba hainywi. Ndiyo maana chungu chako hukioshi kwa sabuni nyingi. Hukisugua kwa makumbi au nyuzi za mkonge na maji ya moto, ukakianika mdomo wazi, ukakiweka juu ya ngata ili kisiyumbe. Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 19, mstari wa 15, tunasoma kwamba mtu akifa hemani, chombo kilichokuwa wazi bila kifuniko kilihesabiwa kuwa najisi. Watu walikuwa bado hawajajua habari za vijidudu, lakini kifuniko kilikuwa tayari kimewekwa katika amri.

Jambo la pili ni mahali. Chagua siku moja isiyo na kazi nyingi, tandika mkeka nje, utoe vyombo vyote vya jikoni uviweke juu yake. Vyote, hata vile vilivyo mvunguni. Utashangaa. Utaona vichungio vitatu na hujui vilitoka wapi. Utaona sufuria ya jirani uliyoazima Krismasi. Utaona vifuniko visivyo na sufuria, na sufuria iliyotoboka ambayo kila mwaka unasema utaipeleka kwa fundi.

Vigawe vyombo hivyo mafungu manne. La kwanza ni vya kila siku: sufuria ya ugali, ya uji, ya mboga, birika, mwiko, vikombe na sahani. La pili ni vile vinavyotumika mara moja kwa juma, kama kikaango cha chapati, kibao chake na kifimbo chake. La tatu ni vya sherehe, zile sufuria kubwa za kupikia watu wengi. La nne ni vilivyoharibika. Fungu hili la nne lisirudi ndani. Cha kutengenezwa kipelekwe kwa fundi juma hilohilo, na kisichofaa kiuzwe kwa anayenunua vyuma vikuukuu.

Sasa rudisha vyombo ndani kwa utaratibu. Vya kila siku vikae kati ya kiuno na macho, mahali unapofikia bila kuinama wala kupanda kiti. Vizito vikae chini, maana chombo kizito kikianguka kutoka juu kinaweza kumuumiza mtu. Vya sherehe vikae juu kabisa au stoo, vimefudikizwa na kufunikwa kwa kitambaa, ili vumbi, mende na panya wasifanye makao humo. Sufuria zinaweza kuingizwa moja ndani ya nyingine, kubwa ikiwa chini, lakini zisipite nne au tano. Zikizidi hapo, kila utakapotaka ya chini utazibeba zote. Vikaango vile visivyoshika chakula vitenge kwa kipande cha kitambaa, visikwaruzane. Vifuniko visimamishwe wima kama vitabu, nyuma ya ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani au mlangoni.

Vyombo vinavyofanya kazi pamoja vikae pamoja. Birika, chungio, chupa ya chai na vikombe viwe jirani. Na kile kitambaa cha kushikia sufuria kiwe na msumari wake karibu na jiko. Sufuria zetu nyingi hazina mikono, na mama asipoona kitambaa huipua kwa ncha ya leso yake. Ncha hiyo ikiangukia makaa, huo ni moto mwilini.

Kila mahali katika nchi yetu pana majiko ya namna yake. Mwenye jiko la pwani ana mbuzi ya kukunia nazi. Aikunje baada ya kuiosha, na yale meno yake ya chuma yaelekee ukutani, maana mtoto anayejifunza kutambaa hajui kwamba hicho si kigoda. Kinu kifudikizwe, mende wasilale ndani. Wakalenjin huvitunza vibuyu vyao vya mursik kwa namna ya kupendeza: kibuyu husafishwa ndani, hupakwa makaa ya mti wa senetwet, nacho hutundikwa mahali pake. Bibi zetu hawakuwa na makabati. Walikuwa na kigogo cha mti, kamba kwenye dari, na pembe ya nyumba. Lakini kila chombo kilikuwa na mahali pake, na bibi aliweza kukichukua gizani bila kupapasa. Hicho ndicho kipimo kizuri hata leo. Ukimwambia mtoto wa miaka 8 akuletee sufuria ya uji, je, anaweza kuileta bila kuuliza iko wapi?

Neno moja juu ya sufuria zetu za aluminiamu. Usilaze ndani yake usiku kucha mchuzi wenye nyanya nyingi, wala ndimu, wala maziwa yaliyoganda. Uchachu na chumvi hula aluminiamu, nayo huingia katika chakula. Hamishia chakula hicho katika bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa, kisha uifunike. Sufuria ni ya kupikia, si ghala.

Jambo la tatu, na hapa naomba mnisikilize sana, ni vitu ambavyo havina mahali jikoni kamwe. Ziko nyumba nyingi ambamo mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, na chupa hiyo ikawekwa chini, kando ya jiko, palepale panapokaa chupa ya maji. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, wala hajui kunusa kwanza. Yeye anajua kwamba chupa ya namna ile ni ya kitu kitamu. Hospitali zetu zimewapokea watoto wengi kwa sababu ya chupa kama hiyo. Ikitokea, usimtapishe mtoto, maana mafuta yakipanda tena huweza kuingia mapafuni; mkimbize hospitali mara moja. Lakini afadhali isitokee. Mafuta ya taa yakae katika chombo chake, kilichofungwa, juu, mbali na vyombo vya kula. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kunyunyizia kahawa au mboga, na dawa ya panya. Kikombe kilichopimia dawa ya ng'ombe kisirudi jikoni hata kikioshwa mara saba. Kitie alama, ukitundike zizini. Na mkebe uliotoka na dawa ya shamba usifanywe debe la maji wala la unga, hata ukiwa mzuri namna gani.

Ndugu msikilizaji, hapo utaona kwamba mahali pa chombo ni jambo la uhai na mauti. Tena ni jambo la haki. Fikirini nyumba moja ya mjini. Katika nyumba hiyo yuko msichana aliyetoka mashambani kusaidia kazi. Vijiko sita vya chai, zawadi ya arusi, havionekani. Mama mwenye nyumba anauliza mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili kwa ukali.

“Mama, mimi sijaviona,” msichana anajibu.

“Kwani vijiko vimeota miguu?”

Jioni mfuko wa msichana unafunguliwa mbele ya watu wote, na nguo zake chache zinatandazwa sakafuni. Hapatikani hata kijiko kimoja. Hata hivyo anaambiwa aende kwao asubuhi, na bei ya vijiko inakatwa katika mshahara wake. Miezi miwili baadaye gunia la mahindi linaondolewa pembeni, na vijiko viko nyuma yake, ndani ya bakuli la plastiki ambalo mtoto alilisukuma huko akicheza. Vijiko vimepatikana. Msichana hapatikani tena, na huko kwao jina lake limekwisha kutajwa pamoja na neno mwizi. Nyumba ile ilikosa mahali maalum pa vijiko, na mtu mnyonge kuliko wote waliokuwamo ndiye aliyelipa.

Ni mara ngapi tumemshuku mtu kwa sababu ya utaratibu wetu mbaya? Mama mkwe amemshuku mke wa mwanawe. Wifi amemshuku wifi. Kabla hujamwuliza mwenzako, “Umeipeleka wapi?”, jiulize kwanza kama kitu hicho kimewahi kuwa na mahali pake.

Hesabu nayo husaidia. Mungu wetu si Mungu wa machafuko, na watu wake wa zamani walijua kuhesabu vyombo. Nebukadreza alikuwa amevichukua vyombo vya nyumba ya Bwana kutoka Yerusalemu. Koreshi mfalme wa Uajemi alipoviachilia virudi, mtunza hazina wake, Mithredathi, alimhesabia Sheshbaza kimoja kimoja. Someni Ezra sura ya 1. Hesabu yote imeandikwa 5,400, na ndani yake mtakuta hata visu, 29. Hakuna aliyesema, “Visu vipo karibu 30.” Tena katika 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 9, mstari wa 28, tunasoma juu ya Walawi ambao kazi yao ilikuwa vyombo vya huduma. Walivihesabu vikitolewa, wakavihesabu vikirudishwa. Hiyo ilikuwa kazi ya Walawi, watu waliotengwa kwa ajili ya hekalu.

Sasa tazameni stoo ya kanisa letu. Akina mama wamechanga shilingi kwa shilingi mpaka wakanunua sufuria kubwa mbili, sahani 100 na vikombe 100. Arusi inakuja, vyombo vinatoka. Msiba unakuja, vinatoka tena kabla havijahesabiwa. Mwisho wa mwaka sahani zimebaki 61, na wamama wawili waliokuwa wakiimba pamoja kwaya hawasalimiani. Kanisa linaweza kuepuka aibu hiyo kwa vitu viwili: rangi na daftari. Rangi itiwe chini ya kila chombo, alama ambayo kila mtu anaijua. Katika daftari iandikwe tarehe, chombo, idadi, jina la aliyechukua, na siku kilipoludishwa kikiwa safi na kikavu. Mtunza stoo awe mmoja, na msaidizi mmoja. Asionekane kuwa mchoyo anapohesabu. Anafanya kazi ya Walawi, naye analinda upendo kati ya watu.

Wala kuhesabu kusitufanye tuogope kuazima. Mnamkumbuka yule mjane wa siku za Elisha, katika 2 Wafalme sura ya 4, ambaye mwia wake alitaka kuwachukua wanawe wawili. Aliambiwa aende kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena vingi. Mafuta yakatiririka mpaka chombo cha mwisho kilipojaa. Sisi huhubiri sana juu ya mafuta. Leo wafikirieni wale majirani. Mwanamke maskini alibisha hodi, nao walikuwa na vyombo vitupu walivyoweza kuvitoa upesi. Hawakumwambia, “Rudi kesho, sijui kiko wapi.” Majirani hao hawakutajwa majina, lakini bila vyombo vyao yale mafuta yangetiwa wapi?

Liko kabati moja ambalo sina budi kulitaja. Ni lile la vioo lililo sebuleni. Ndani yake mna sahani nzuri zenye maua, bilauri sita, na birika la kauri. Ni vyombo vya wageni. Jikoni watoto hunywea uji vikombe vilivyopasuka mdomo, na baba hulia sahani ya plastiki iliyokwaruzika. Sisemi tusiwakirimu wageni. Maandiko yanatuagiza tuwakirimu. Lakini kuna vyombo vilivyokaa kabatini miaka 20, mwenyewe amezeeka, na hajavitumia hata mara moja pamoja na watu wake mwenyewe. Siku atakapolala mautini ndipo vitakapotolewa kwa waombolezaji. Mama mpenzi, chagua Jumapili moja. Fungua kabati, uwapakulie watoto wako chakula katika sahani zile. Kikivunjika kimoja, kimevunjika kikiwa kazini.

Nanyi akina baba msifikiri kwamba leo hamkuhutubiwa. Rafu ya jikoni haijipigilii misumari. Mbao tatu, nyundo, na saa mbili za Jumamosi alasiri zitampunguzia mke wako kuinama kwa miaka mingi. Ulipokuwa ukimwuliza kwa nini chakula kimechelewa, uliwahi kwenda kuona anachukulia wapi sufuria? Ingia uone. Tena jifunze kila chombo kinakaa wapi, na ukikitumia ukirudishe hapo. Wafundisheni na watoto, wavulana kwa wasichana, kuosha na kurudisha. Mtoto anayerudisha kikombe mahali pake anajifunza kwamba wako watu wengine duniani watakaokihitaji kikombe hicho.

Na sasa turudi kwa Paulo na Timotheo. Tumeona kwamba chombo kinachomfaa mwenye nyumba ni safi, na kinapatikana. Wako Wakristo wengi walio safi. Hawalewi, hawaibi, hawakosi ibada. Lakini Bwana akiwahitaji kwa kazi ya jioni, mgonjwa wa kutazamwa, yatima wa kulipiwa karo, ugomvi wa kupatanishwa, hawapatikani. Wamefunikwa na shughuli kama kile kifuniko chini ya karai. Wengine wamejiweka katika kabati la vioo. Wanapendeza, lakini hakuna aliyewahi kula chochote katika sahani yao. Ni heri chungu cheusi kilicho karibu na moto, kikanawa, kikakauka, kikangoja.

Nabii Zekaria aliona siku ambayo hata vyungu vya kupikia katika Yerusalemu na Yuda vitahesabiwa kuwa vitakatifu, sawa na mabakuli yaliyo mbele ya madhabahu. Tazama jinsi Mungu alivyoiheshimu kazi ya jikoni. Kwa hiyo dada yangu, unapoinama asubuhi hii kuichukua sufuria yako ya chai, usiseme uko mbali na ibada.

Nawaombeni mfanye mambo matatu juma hili. Kwanza, mafuta ya taa na dawa zote za shamba ziondoke jikoni leo hii, kabla ya chakula cha mchana. Pili, chombo chochote cha jirani kilicho kwako kioshwe, kikaushwe, kirudishwe na neno la shukrani. Tatu, kama uliwahi kumshuku mtu kwa ajili ya kitu kilichopotea, na baadaye kikaonekana, mtafute mtu huyo umwambie kwamba kimeonekana. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Na tuombe. Ee Baba yetu, tunakushukuru kwa nyumba zetu, kwa moto wa jikoni, na kwa mikono inayotupikia. Walinde watoto wetu na hatari zilizo karibu nao. Waponye wale walioshukiwa bure, na utupe moyo wa kuwarudia. Utusafishe, Bwana, na ututie mahali ambapo utatupata upesi siku utakapotuhitaji. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo. Amina.